TUWATAMBUE NYIGU WADOGO KABLA HATUJASHIKA BOMBA LA DAWA



Katika somo la robo hii tunawaletea wadudu ambao wengi wetu tunaishi nao jikoni, dukani na sokoni bila kuwajua. Ni nyigu wadogo sana wanaoishi kwa kuwala wadudu wengine. Wakulima wa shamba wamefundishwa habari zao mara kadhaa, lakini sisi wa mjini tumeachwa nyuma, hali chakula cha mji mzima kinapita mikononi mwetu.

Siku moja, nikiwa katika ziara ya kutembelea vikundi vya akina mama vya Kariakoo na Ilala, nilisimama kwenye duka la nafaka la mama mmoja, si mbali na jengo la soko. Alikuwa amefungua gunia la kunde. Juu ya kunde walikuwa wanatembea wadudu weusi, wembamba, warefu kama mbegu ya ufuta, na wengine wakiruka. Mkononi alishika pakiti ya dawa ya unga aliyouziwa mtaa wa pili.

"Kaka, hawa ndio wanaonitobolea kunde," aliniambia. "Nikimwaga hii dawa, kesho wote wamekwisha."

Nilimwomba anipe dakika tano. Tulisoma maandishi ya kwenye pakiti: dawa ilikuwa ya kuulia wadudu wa bustani, haikuruhusiwa kutumika kwenye chakula kilichohifadhiwa. Kunde zile zilikuwa za kuuzwa siku hiyo hiyo. Kisha tukawakamata wadudu wachache katika glasi na kuwatazama kwa lenzi. Tulikuta aina mbili. Mmoja alikuwa fukusi wa kunde, mnene, mwenye madoa mgongoni. Wa pili, yule mwembamba aliyelaumiwa, alikuwa nyigu. Huyo hali kunde hata kidogo. Alikuwa amekuja kumla fukusi.

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma somo hili, msomaji aweze:
(a) kueleza maisha ya nyigu hawa kwa ufupi;
(b) kutazama viungo vitano vya mwili wake na kumweka katika ukoo wake;
(c) kujua ni wakati gani macho na lenzi havitoshi, na mtaalamu anahitajika.

NYIGU HAWA NI AKINA NANI?

Tukisikia neno nyigu tunawaza wale wanaojenga kiota cha karatasi kwenye dari na kutuuma tukipita. Hao ni sehemu ndogo tu ya nyigu wote waliopo duniani. Walio wengi hawajengi kiota wala hawaishi kwa makundi. Jike hutafuta mdudu mwingine, au mayai yake, au buu wake, kisha humtagia yai ndani ya mwili au juu yake. Yai linapoanguliwa, buu wa nyigu humla yule mdudu polepole mpaka anakufa. Ndipo nyigu mpya hutoka akiwa mzima na mabawa yake.

Hapo ndipo nyigu huyu anapotofautiana na kupe au chawa. Kupe hunyonya damu na ng'ombe akabaki hai. Nyigu huyu humaliza kabisa mdudu aliyemshambulia. Pia huchagua sana. Aina moja ya nyigu inaweza kushambulia aina moja tu ya mdudu, au chache zinazofanana. Kwa sababu hiyo kumjua kwa jina lake ni jambo lenye faida na hasara ya kweli, kama kisa kifuatacho kinavyoonyesha.

KISA CHA KIDUNG'ATA WA MUHOGO

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo alionekana kwa mara ya kwanza Afrika, katika eneo la Kongo. Ni mdudu mdogo wa rangi ya waridi aliyejipaka unga mweupe, anayefyonza utomvu kwenye kikonyo cha majani machanga. Alienea nchi baada ya nchi, na mahali pengine hasara ya mihogo ilifika asilimia 80. Kwa familia zinazotegemea muhogo na kisamvu, hiyo ilikuwa njaa.

Wataalamu walijua kuwa muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, hivyo walikwenda huko kumtafuta adui wa kidung'ata. Upande wa kaskazini wa bara lile walimpata kidung'ata aliyefanana sana na wa kwetu. Walichukua nyigu waliokuwa wakimla, lakini nyigu hao walikataa kuzaliana kwa kidung'ata wa Afrika. Sababu ilikuja kuwa wazi baadaye: hawakuwa mdudu mmoja. Yule wa kaskazini mwili wake ni wa manjano na ana madume. Wa kwetu ni wa waridi na majike huzaa bila dume. Mwaka 1981 yule wa manjano alipewa jina lake mwenyewe, Phenacoccus herreni, na wa kwetu akabaki Phenacoccus manihoti.

Mwaka huo huo wa 1981 kidung'ata wa kweli alipatikana Paraguay, na pamoja naye nyigu mdogo ambaye leo anaitwa Anagyrus lopezi. Mwishoni mwa mwaka huo nyigu hao waliachiwa Ibadan, Nigeria, chini ya taasisi ya IITA. Kidung'ata alipofika Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1980, nyigu aliletwa nyuma yake. Kazi hiyo ilienea katika nchi zaidi ya 20 za Afrika, na aliyeiongoza, Hans Herren wa Uswisi, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Tuzingatie fundisho lake. Wadudu wawili waliofanana kwa macho waliwapotezea watu muda, wakati mihogo inakauka. Kutambua kwa usahihi kuliokoa chakula cha mamilioni ya watu.

VIFAA

Hakuna haja ya maabara. Mwenye kikundi atafute:
1. Lenzi ya mkono inayokuza mara kumi.
2. Glasi au chupa angavu yenye mfuniko.
3. Karatasi nyeupe.
4. Chupa ndogo yenye spiriti ya asilimia 70 au zaidi, ya kuhifadhia mdudu.
5. Penseli na vipande vya karatasi. Tusitumie kalamu ya wino, kwa sababu spiriti huyeyusha wino.

Mfunike mdudu kwa glasi, sukuma karatasi chini yake, kisha iweke glasi kwenye friji kwa dakika chache. Atapoa na kutulia, nawe utaweza kumtazama.

MAMBO MATANO YA KUTAZAMA

La kwanza ni kiuno. Nyigu ana kiuno chembamba kati ya kifua na tumbo. Kumbikumbi hana, mwili wake ni mnene toka juu mpaka chini. Fukusi naye hana, na mabawa yake ya juu ni magumu kama ganda.

La pili ni mabawa. Nyigu ana mabawa manne laini, ya mbele makubwa na ya nyuma madogo. Nzi ana mawili tu. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa maana kuna nzi wenye mistari ya manjano na nyeusi wanaofanana na nyigu. Ukihesabu mabawa utapata jibu.

Bado tukiwa kwenye bawa la mbele, tazama mishipa yake. Nyigu wa koo za Ichneumonidae na Braconidae wana mishipa mingi inayogawa bawa katika vyumba, na kwenye ukingo wa mbele wana doa jeusi au la kahawia. Kundi kubwa la nyigu wadogo sana, liitwalo Chalcidoidea, karibu halina mishipa. Una mshipa mmoja tu unaofuata ukingo wa mbele, na sehemu nyingine ya bawa ni tupu kama kioo.

La tatu ni vipapasio, yaani zile nyuzi mbili za kichwani. Kwa Ichneumonidae na Braconidae ni virefu, vyembamba, vyenye pingili nyingi. Kwa Chalcidoidea ni vifupi na vimepinda kama kiwiko cha mkono.

La nne ni mrija wa kutagia. Jike wa aina nyingi ana mrija unaotokeza nyuma kama mkia, wakati mwingine mrefu kuliko mwili. Watu huuogopa wakidhani ni mwiba wa sumu. Kazi yake ni kutoboa na kutaga. Nyigu hawa karibu wote hawamdhuru binadamu, ingawa wachache wakubwa wa Ichneumonidae huweza kuchoma ukiwabana kwa vidole. Dume hana mrija huo, hivyo usimkatae nyigu kwa kukosa mkia.

La tano ni mahali ulipomkuta. Je, ametoka kwenye kunde, kwenye kabichi, au kwenye kifuko cha mayai ya mende? Andika. Mtaalamu atakuuliza swali hilo kabla ya yote.

Mtaona kwamba rangi hatukuiweka katika orodha. Rangi husaidia, lakini hudanganya. Nyigu wengi ni weusi, na dume na jike wa aina moja huweza kutofautiana rangi. Rangi iwe ushahidi wa mwisho.

Sasa tutembee vituo vitatu vya mji wetu tukitumia mambo hayo matano.

KITUO CHA KWANZA: JIKONI NA UANI

Katika nyumba za uswahilini zenye uwani mmoja na shimo moja la maji machafu, mende hawakosekani. Palipo na mende wakubwa wekundu huenda ukamwona nyigu mweusi wa milimita 5 hadi 7 akitembea ukutani au kwenye kioo cha dirisha. Jina lake ni Evania appendigaster. Anapatikana katika miji mingi ya nchi za joto duniani, na alipewa jina na Linnaeus tangu mwaka 1758.

Huyu ndiye rahisi kuliko wote kumtambua. Miguu ya nyuma ni mirefu. Macho yana rangi ya buluu. Tumbo lake ni dogo mno, limebanwa ubavuni, na limeshikizwa juu ya mgongo kwa kikonyo chembamba, si chini kama kwa nyigu wengine. Anapotembea hulipandisha na kulishusha kama mtoto anayepunga kibendera. Ukiona tumbo hilo huna haja ya kuendelea kutafuta.

Jike hutafuta kifuko cha mayai ya mende, kile kinachofanana na punje ya maharage ya kahawia nyuma ya kabati. Kifuko kimoja cha mende mkubwa huwa na mayai yapata 14 hadi 16. Nyigu hutaga yai moja ndani yake, na buu wake hula mayai yote. Hamwumi mtu, wala hagusi chakula chetu.

Zoezi: kusanya vifuko vya mayai ya mende nyuma ya makabati na uvitazame. Kifuko kilichofunguka kwenye mshono wake wa juu kimetoa mende. Kifuko chenye tundu la duara kimetoa nyigu.

Mende ana adui mwingine, Ampulex compressa, ambaye ni mkubwa zaidi. Ana urefu wa kama sentimita mbili, anang'aa kijani na buluu kama chuma kilichosuguliwa, na mapaja yake ya miguu ya kati na ya nyuma ni mekundu. Humchoma mende kichwani, akamkokota kwa kipapasio mpaka shimoni, akamtagia yai. Huyu ana mwiba, hivyo tazama bila kushika.

Lakini tusijidanganye. Evania jikoni ni dalili kwamba mende wapo. Kazi yetu ni kufunika taka, kuziba nyufa na kukausha sehemu zenye maji. Nyigu hufanya sehemu yake, nasi tufanye yetu.

KITUO CHA PILI: GUNIA LA NAFAKA

Turudi kwenye kunde za yule mama. Kwanza tumtenge fukusi. Fukusi wa kunde ni mnene, hana kiuno, na mabawa yake magumu hayafiki mwisho wa tumbo. Nyigu wake ni mweusi, ana kiuno, vipapasio vilivyopinda kama kiwiko, na bawa lisilo na vyumba. Kwa hiyo yumo katika Chalcidoidea. Wengi wanaoshambulia fukusi wamo katika ukoo wa Pteromalidae. Mmoja anayejulikana sana kwa fukusi wa kunde ni Dinarmus basalis. Kwa fukusi wa mahindi na mchele anajulikana Anisopteromalus calandrae, wa milimita 2 hadi 3. Mwenzake mdogo na mwembamba zaidi, Theocolax elegans, aliwekwa kwa muda mrefu katika ukoo huo huo, lakini mwaka 2022 wataalamu waliugawa upya na yeye akahamia Cerocephalidae.

Tazama pia matundu ya kunde. Fukusi hutoka kwa tundu kubwa la duara, lililokatwa vizuri. Tundu la nyigu mara nyingi ni dogo zaidi.

Katika maduka ya mchele na unga kuna nondo wadogo wa kijivu ambao viwavi wao hufunga punje kwa nyuzi. Hapo unaweza kumkuta Habrobracon hebetor, nyigu wa milimita 3 hivi. Mtazame kwa lenzi: vipapasio vimenyooka, bawa lina vyumba, na kuna doa ukingoni. Basi huyu ni wa Braconidae. Humchoma kiwavi akapooza, ndipo humtagia mayai juu ya ngozi.

Mwone msomaji jinsi kiwiko cha kipapasio na mishipa ya bawa vinavyotosha kumtenganisha Habrobracon na Anisopteromalus, ingawa kwa macho matupu wote wanaonekana ni vijidudu vyeusi tu.

KITUO CHA TATU: MEZA YA MBOGA

Hapa mara nyingi hatumwoni nyigu mwenyewe. Tunaona alama aliyoiacha.

Tuanze na kisamvu. Geuza ncha za majani machanga. Kidung'ata mzima ni laini na ana unga mweupe. Aliyeshambuliwa na Anagyrus lopezi huvimba, hukakamaa na kuwa kahawia kama kijipipa. Kikiwa na tundu la duara upande mmoja, nyigu ameshatoka. Ukibahatika kumwona, ni mdogo kama punje ya ulezi. Yumo katika ukoo wa Encyrtidae, ambao alama yake ni mguu wa kati wenye mwiba mkubwa anaoutumia kuruka. Ukimgusa kwa ncha ya jani huruka kama kiroboto.

Angalizo: uani kwetu mipapai inashambuliwa na kidung'ata mwingine, Paracoccus marginatus, ambaye mwili wake ni wa manjano na ambaye hushambulia hata muhogo. Anagyrus lopezi si adui wake. Huyu ana nyigu wake, Acerophagus papayae, mdogo mno na wa rangi ya manjano iliyopauka. Ni kosa lile lile la miaka ya 1970 linalotusubiri turudie.

Kwa kabichi, tafuta viwavi vya kijani vya nondo mgongo-almasi na vifukofuko kati ya majani. Nyigu wake wawili wanaojulikana zaidi hutofautishwa kwa kifukofuko. Cotesia vestalis, wa Braconidae, hufuma kifukofuko cheupe cha hariri na kukibandika kwenye jani. Diadegma semiclausum, wa Ichneumonidae, humwacha kiwavi afume wavu wake kwanza, ndipo hujifunga ndani ya wavu huo. Diadegma alitolewa Taiwan na taasisi ya icipe ya Nairobi, akaachiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2002 katika milima ya Taita, na baadaye Tanzania na Uganda. Alipelekwa nyanda za juu kwa sababu anapenda ubaridi, na ndiko zitokako kabichi nyingi tunazokula.

Kwa majani ya kunde na sukuma wiki, tafuta vidukari. Kati ya walio hai utaona wengine wamevimba, wamekuwa mviringo, wana rangi ya majani makavu na hawatembei. Hao wamekufa, na ndani yao kuna nyigu wa Braconidae. Wakiwa weusi badala ya rangi ya majani makavu, huenda ni kazi ya nyigu wa ukoo wa Aphelinidae. Wakulima wa mchicha na majani ya kunde wa bonde la Msimbazi wazitafute alama hizi kabla ya kupulizia. Iwapo vidukari wengi wameshavimba, bomba halina kazi. Likitumika litaua nyigu wanaokaribia kutoka, na vidukari waliobaki watazaliana bila adui.

MIPAKA YA MACHO YETU

Mwalimu mzuri husema pia mahali elimu yake inapoishia. Kwa lenzi ya mkono tunaweza kufika kwenye ukoo, na kwa wachache kama Evania tunaweza kufika kwenye jina kamili. Kwa walio wengi hatuwezi.

Hata wataalamu wamewahi kukosea. Anisopteromalus calandrae alichunguzwa kwa miongo mingi katika maabara za dunia. Mwaka 2014 uchunguzi wa vipimo vya mwili na chembe za urithi ulionyesha kuwa chini ya jina hilo walikuwa wamejificha nyigu wawili. Mmoja ana kromosomu saba katika seti yake, mwingine tano, na huyo wa tano akaitwa Anisopteromalus quinarius. Wa kwanza huelekea kwa fukusi wa nafaka. Wa pili huelekea kwa mbawakavu wa tumbaku na wa vyakula vikavu. Mtu aliyemnunua mmoja akidhani ni mwingine alipoteza fedha yake.

Basi ukihitaji jina kamili, mtie mdudu katika spiriti pamoja na karatasi yenye tarehe, mahali, na mdudu au zao alikotoka. Mpelekee bwana au bibi shamba wa kata yako, au wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) yenye makao Arusha. Bila karatasi hiyo mdudu ni mweusi tu, na mtaalamu atabaki kubahatisha.

TUFANYE NINI TUNAPOMWONA?

Nyigu katika gunia hamaanishi kwamba gunia ni salama. Anamaanisha fukusi wamo, na tena wamekaa muda wa kutosha kupata adui. Hawezi kurudisha kunde iliyotobolewa. Ila anatuambia tatizo ni lipi, na tukishalijua tunachagua dawa inayofaa badala ya sumu yoyote iliyo karibu.

Kwa kunde: pepeta na uchague. Tandika turubai jeusi juani, mwaga kunde kwa tabaka jembamba, funika kwa nailoni angavu na ubane kingo kwa mawe. Joto ndani yake likifika nyuzi 57 kwa saa moja huua fukusi wa hatua zote, hata walio ndani ya punje. Zikipoa, zihifadhi katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Fukusi aliyebaki hukosa hewa na kufa bila sumu.

Tusichanganye kamwe dawa ya bustani au ya mbu na chakula. Vidonge vya kufukiza nafaka visitumike kabisa katika chumba wanacholala watu au kilichopakana nacho. Gesi yake inaua, na nyumba zetu za Kariakoo zimeshikana ukuta kwa ukuta.

Yule mama alifunga pakiti yake akairudisha kwenye mfuko. Kunde alizipepeta na kuzianika kwenye paa la nyumba. Alipoteza debe moja na nusu lililokuwa limetobolewa, na alilalamika, kwa haki yake. Lakini wateja wake jioni ile hawakupeleka sumu nyumbani. Nilipopita tena aliniomba lenzi, akaniambia, "Kaka, sasa kabla sijanunua gunia nalifungua kwanza nitazame nani yumo."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nitatofautishaje nyigu mdogo na nzi? Na kumbikumbi?
2. Mdudu ana bawa lisilo na vyumba na vipapasio vilivyopinda. Ametoka kwenye gunia la mahindi. Ni wa kundi gani kubwa, na huenda anamla nani?
3. Kwa nini nyigu wa kwanza walioletwa kwa ajili ya kidung'ata wa muhogo walishindwa? Je, katika eneo letu kuna wadudu wawili tunaowachanganya?
4. Kila mwanakikundi alete kitu kimoja: kifuko cha mayai ya mende, jani lenye vidukari, au konzi ya kunde zilizotobolewa. Tutazame pamoja kwa lenzi moja na kuandika tulichokiona kabla ya mtu yeyote kutaja jina la dawa.